Anayebeba Gunia Ana Haki ya Kuketi Kikaoni

Kila jina la kijana linapopendekezwa kuingia kwenye kamati yenye fedha au maamuzi, iwe ya usharika, jimbo au dayosisi, kuna maneno yanayorudi karibu yaleyale. Husemwa kwa upole, na mara nyingi husemwa na watu wanaolipenda kanisa kwa dhati: wazee waliofyatua matofali ya jengo kwa mikono yao, akina mama waliobeba maji ya kuchanganyia zege. Kwa sababu hiyo yanastahili majibu ya heshima. Lakini majibu ni lazima yapatikane, maana maneno hayo ndiyo yanayowaweka vijana wetu kwenye kwaya, kwenye kupanga viti na kwenye kupakua magunia siku ya mavuno, huku wakibaki nje ya chumba ambamo huamuliwa nani asaidiwe, kwa fedha ipi na kwa utaratibu gani.

Nazungumzia Walutheri kwa kuwa ndiko niliko, na hasa ushirika mpana wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lenye makanisa yapatayo 150 katika nchi 99 na waumini zaidi ya milioni 78. KKKT, kanisa letu la Kilutheri hapa Tanzania, ni miongoni mwa makubwa kabisa humo. Tunachokubali au kukikataa katika vikao vyetu vya Bukoba, Moshi, Iringa au Dar es Salaam kina uzito unaofika mbali.

"Vijana ni kanisa la kesho"

Dai hili linapendwa kwa sababu limekaa kama baraka. Kazi yake hasa ni kuahirisha. Mtoto wa Kilutheri hubatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, na baada ya hapo hakuna ibada nyingine inayomngoja ili awe Mkristo kamili. Kwa mafundisho yetu wenyewe, ubatizo ndio unaomwingiza mtu katika ukuhani wa waamini wote. Anayesema kijana asubiri kesho anaongeza sharti ambalo mafundisho hayo hayana.

Historia nayo inalikataa. Philipp Melanchthon alifika Wittenberg mwaka 1518 kufundisha Kigiriki akiwa na miaka 21. Miaka mitatu baadaye, akiwa na 24, alitoa kitabu cha kwanza kilichoyapanga mafundisho ya Matengenezo ya Kanisa kwa utaratibu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo wachungaji wetu huahidi kulishika siku ya kubarikiwa, ni yeye aliyeliandika, akiwa na miaka 33. Kwa umri, Melanchthon wa 1521 angekuwa kwenye umoja wa vijana wa usharika wowote wa leo.

Wittenberg iko mbali, na mtu anaweza kusema huyo alikuwa na kipaji cha pekee. Basi tuje Namibia.

Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa maoni kwamba Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria. Katika chuo cha theolojia cha Paulinum, kwenye kijiji kikavu cha Otjimbingwe, wanafunzi waliokuwa wakisomea uchungaji waliijadili habari hiyo, kisha wakawaendea viongozi wao na swali moja: kanisa litasema nini? Walikuwa vijana chini ya serikali iliyokuwa na polisi wa siri, vibali vya kutembea na magereza. Walikuwa na kila sababu ya kumaliza masomo yao kimya kimya.

Haikupita wiki mbili. Tarehe 30 Juni Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, viongozi wa makanisa mawili makubwa ya Kilutheri ya Waafrika nchini humo, waliandika barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, B. J. Vorster. Walimweleza bila kupindapinda kwamba utawala wake haukuwa ukiheshimu haki za binadamu: watu hawako huru kwenda watakako, hawako huru kusema, hawapigi kura, na kazi za mkataba zinawatenga waume na wake zao kwa miezi na miezi. Mwezi uliofuata waumini walisomewa barua hiyo makanisani. Hata leo wanahistoria wa Namibia huuhesabu mwezi huo kuwa ndio kanisa liliposimama wazi upande wa watu wake. Gharama ilikuja. Mwaka 1973 mtambo wa uchapaji wa kanisa huko Oniipa ulilipuliwa.

Sauti ile ilifika hadi kwetu. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano, wa kwanza kufanyika Afrika, ulikutana Dar es Salaam na kutamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe, wala si suala la siasa ambalo Mkristo anaweza kuliacha apendavyo. Mkutano huohuo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1984 huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kuukumbatia ubaguzi.

Sisemi wanafunzi wa Paulinum ndio waliofanya yote hayo. Nasema swali lilitoka kwao, na lilitoka kwa wakati. Na kinachonigusa zaidi katika habari hii ni Auala na Gowaseb. Walikuwa na umri, vyeo na mengi ya kupoteza, na hawakuwaambia wale vijana warudi darasani wangoje zamu yao. Walichukua kalamu.

"Nafasi ipewe kwa uwezo, siyo kwa umri"

Mkutano wa Budapest uliweka pia kanuni ambayo hadi leo inazua mabishano. Ulitaka vijana wawe angalau asilimia 20 katika vyombo vya maamuzi vya Fungamano, pamoja na nafasi ya haki kwa wanawake. Fungamano huhesabu kijana kuwa mtu wa chini ya miaka 30. Baraza lake lina wajumbe 48 bila kumhesabu rais, kwa hiyo vijana kumi hivi huketi na maaskofu, wanasheria na wahasibu, wakapiga kura kuhusu bajeti na kuhusu nani awe Katibu Mkuu.

Wapingaji husema huu ni upendeleo. Naomba watazame kwanza jinsi nafasi zinavyogawanywa pasipokuwa na kanuni. Katika sharika nyingi, mtu akitajwa kwa ajili ya kamati ya fedha au ya ujenzi, swali lisilotamkwa ni kama ana familia, ana nyumba, ana mvi kidogo. Tayari hiyo ni nafasi inayotolewa kwa umri, ila haikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna anayeweza kuipinga kikaoni. Na hii ni nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake wako chini ya miaka 25. Kanisa likiwa na kamati ambamo umri huo haumo kabisa, linaamua mambo ya walio wengi bila kuwasikia.

Hata hivyo, kuna nusu ya ukweli katika dai hili na sitaki kuipita. Kijana anaweza kupewa kiti akawa pambo. Tunaijua sura yake. Anapigiwa simu jana yake kwamba kesho kuna kikao. Anafika asubuhi, anakabidhiwa makabrasha mlangoni, kurasa arobaini za taarifa ya mapato na matumizi ambazo wenzake wamekaa nazo wiki nzima. Anaombwa afungue kwa sala. Ajenda ya vijana imewekwa ya mwisho kabla ya mengineyo, na inafikiwa saa kumi jioni, wajumbe wa mbali wakiwa wameanza kutazama saa kwa ajili ya basi. Anaulizwa kama ana la kusema. Anasema anashukuru. Kumbukumbu za kikao zinaandika kwamba vijana walishirikishwa.

Wanaotumia picha hiyo kama hoja ya kumwondolea kijana kiti wanakosea tiba. Dawa iko kwenye makabrasha, kwenye mpangilio wa ajenda, kwenye nauli na kwenye idadi. Kijana mmoja kati ya wajumbe kumi na wanane hatasema kitu. Wawili au watatu watatazamana na mmoja atanyosha mkono. Kijana asiye na ajira hawezi kujilipia nauli kutoka mtaa wa mbali akangoja kurudishiwa mwisho wa mwezi. Kwa upande wake, Fungamano huwakutanisha wajumbe vijana siku kadhaa kabla ya Mkutano Mkuu ili wasome ajenda pamoja, waulize wasichokielewa na wakubaliane watakachokisimamia. Kabla ya mkutano wa Windhoek wa 2017 walikutana Ondangwa, kaskazini mwa Namibia. Kabla ya ule wa Kraków wa 2023 walikutana Wisła, milimani kusini mwa Poland. Wanapoingia ukumbini wanajua wamekuja kufanya nini. Dayosisi inayokodi basi kwa ajili ya tamasha la kwaya inaweza kufanya vivyo hivyo kabla ya Mkutano Mkuu wake.

Na huo umri wenyewe nao utazamwe. Sera yetu ya taifa ya maendeleo ya vijana humhesabu kijana mpaka miaka 35, na mkataba wa vijana wa Umoja wa Afrika vilevile. Makanisani tunavuka hata hapo. Si ajabu kumkuta mwenyekiti wa vijana mwenye watoto wanne na wa kwanza yuko darasa la kipaimara. Huyo anafanya kazi njema, lakini hawezi kumsemea msichana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na hajui pa kwenda.

"Misaada ni kazi ya wataalamu, vijana waimbe"

Dai hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linageuza kichwa chini hali ilivyo. Kazi kubwa ya mikono katika huduma kwa wakimbizi na waathirika wa maafa hufanywa na vijana, tena wengi wao ni wakimbizi wenyewe.

Tazama Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwenye nchi kame ya Turkana. Kambi ilianza mwaka 1992 walipofika maelfu ya watoto na vijana kutoka Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu, wakivuka Ethiopia na vita vyake. Fungamano lilikuwepo tangu mwanzo, na mpaka leo kazi yake kubwa pale ni shule za msingi na ulinzi wa watoto. Sasa uliza nani anafundisha. Walimu wenye vyeti kutoka Kenya wapo, lakini walio wengi ni wakimbizi, na wengi wao ni vijana waliomaliza sekondari kambini humohumo. Hawalipwi mshahara wa mwalimu. Hupewa posho ndogo.

Darasa la Kakuma lina watoto zaidi ya mia moja, na si jambo la ajabu. Wanaokosa dawati wanakaa chini, vitabu vinasomwa na watoto wanne au watano kwa pamoja, na bati la juu linachoma kabla hata ya saa nne asubuhi. Mwalimu wa miaka 22 anasimama mbele na chaki. Anaeleza kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, anarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakongo na Warundi, kisha anamwomba mtoto mmoja amweleze mwenzake kwa Kidinka au Kisomali. Anajua ni nani amekuja bila kula, kwa kuwa mgao wa nyumbani kwake nao umepungua. Anajua ni binti yupi ameacha kuja na uvumi unasema anaozwa. Hakuna mtaalamu wa makao makuu anayeweza kujua hayo kwa kusoma taarifa. Ikitokea kikao cha kupanga elimu ya kambi kikafanyika bila mwalimu huyu, kimekosa mtaalamu wake mkuu.

Kwenye maafa ya ghafla ni hivyo hivyo. Desemba 2023 matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang' na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, zaidi ya watu 80 walikufa. Jeshi, serikali na mashirika walifika na wakafanya kazi kubwa. Lakini saa za kwanza za janga kama lile, kokote duniani, huwa ni za majirani, na katika majirani ni wale wenye nguvu ya kushika jembe na kubeba mtu mgongoni.

Je, utaalamu hauhitajiki? Unahitajika sana, na kijana asiyefunzwa anaweza kudhuru. Kuna viwango vinavyokubalika kimataifa, kwa mfano angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Kuna namna ya kuandikisha watu bila kuwaacha wajane na vilema nyuma ya foleni. Kuna kanuni za kuwalinda watoto na wasichana dhidi ya mtu anayegawa chakula kwa masharti ya aibu, na kanuni hizo ni muhimu kuliko lori la unga. Lakini yote hayo yanafundishika. Kijana wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, anayeweza kuongoza kwaya ya watu sitini kwa sauti nne anaweza kujifunza kuandikisha kaya mia mbili. Umoja wa Mataifa umeshalikubali jambo hili: azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Desemba 2015 linawataja vijana kama washiriki katika kujenga amani, na mwaka uliofuata, huko Istanbul, mashirika na serikali zilitia sahihi ahadi ya kuwashirikisha katika huduma za kibinadamu. Aibu itakuwa kanisa likibaki nyuma ya Baraza la Usalama katika kuwaamini watoto liliowabatiza.

"Fedha ni za Wazungu, sisi tunapokea tu"

Basi, husema wengine, ya nini kumpa kijana sauti kuhusu fedha ambazo si zetu? Waamuzi watakuwa wanaotoa.

Turudi kwenye mwanzo. Fungamano lilizaliwa Lund, Sweden, mwaka 1947, miaka miwili baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati huo, Mlutheri mmoja kati ya kila sita duniani alikuwa mkimbizi au mtu aliyefukuzwa kwao. Walikuwa Wajerumani wa mashariki, Walatvia, Waestonia, watu waliolala kwenye mabehewa na kambi za muda, wakisubiri blanketi na maziwa ya unga. Wapokeaji wa kwanza wa misaada ya Kilutheri walikuwa watu wa Ulaya. Katibu Mkuu wa sasa, Anne Burghardt, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, anatoka Estonia, nchi ambayo Walutheri wake wengi walikimbilia ng'ambo kwa mashua wakati wa vita hivyo.

Kutoa na kupokea kumekuwa kukibadilishana tangu mwanzo, na Tanzania haikuwa upande mmoja tu. Mwaka 1964 lilianzishwa shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, kwa makubaliano kati ya serikali yetu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Fungamano. Warundi walipokimbia mauaji ya 1972, TCRS ilifanya kazi katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo: barabara, visima, shule, zahanati. Fedha nyingi zilitoka nje, ni kweli. Ardhi ilitoka wapi? Ilitolewa na nchi hii, na wenyeji wa Rukwa na Tabora walikubali majirani wapya kwa makumi ya maelfu. Baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo. Ardhi na uraia haviandikwi kwenye safu ya wafadhili, lakini sijui zawadi iliyo kubwa zaidi ya hiyo.

Tazama pia Poland. Kanisa la Kilutheri la huko lina waumini kama 60,000 tu, wachache kuliko dayosisi nyingi za KKKT. Vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, kanisa hilo dogo lilifungua milango, na pamoja na Fungamano vikaanzishwa vituo vya kuwahudumia wakimbizi katika miji kadhaa. Hakuna aliyesema sisi ni wadogo, tungoje wakubwa.

Na kuna sababu ya karibu zaidi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma zilizokuwa zikitegemea mfereji huo mmoja zikatetereka katika nchi nyingi. Kakuma wakimbizi walishuhudia mgao wa chakula ukipunguzwa hadi watu wakaandamana. Ambaye bado anaamini kwamba kazi ya huruma inaweza kuachiwa wafadhili wa mbali anapaswa kulitazama jambo hilo tena. Usharika unaopiga mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi baada ya ibada una uwezo wa kutenga sehemu ya sadaka hiyo kwa ajili ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, na unahitaji watu wa kuuliza imekwenda wapi. Vijana huuliza maswali hayo bila kuogopa kumkwaza mtu waliyejenga naye.

"Tuwasaidie wetu kwanza"

Dai hili lina pacha wake. Upande mmoja mtu anauliza kwa nini mashirika ya Kilutheri yanawahudumia Waislamu wa kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, au kwa nini Fungamano linaendesha hospitali ya Augusta Victoria kwenye Mlima wa Mizeituni, Yerusalemu, tangu 1950, ikiwatibu Wapalestina wenye saratani na maradhi ya figo bila kuuliza dini. Upande wa pili mwingine anasema sawa, wasaidiwe, ila kila gunia liende na mahubiri.

Nawajibu wote wawili kwa pamoja, kwa sababu jibu ni moja. Mwaka 1994 mashirika manane makubwa, Fungamano likiwemo, pamoja na Msalaba Mwekundu na Oxfam, yalitoa kanuni za maadili za kazi ya misaada. Zinasema msaada hutolewa kwa kuangalia uhitaji peke yake, bila kujali rangi, dini au taifa la mpokeaji, na hautumiki kueneza msimamo wa kidini au wa kisiasa. Mwaka huohuo wa 1994, mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Aliyekuwa amesimama pale na ndoo ya maji hakuwa na nafasi ya kuuliza nani ni wa usharika gani.

Kwa Mlutheri kuna sababu ya ndani zaidi. Windhoek, mwaka 2017, Fungamano liliadhimisha miaka 500 ya Matengenezo kwa kutangaza kwamba wokovu hauuzwi, binadamu hauzwi, uumbaji hauuzwi. Matengenezo yenyewe yalianza kwa kupinga vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa fedha. Anayemdai mwenye njaa aungame ili apate unga ameurudisha ule uuzaji, na bei sasa ni kilo za mahindi. Injili ihubiriwe, tena kwa nguvu, lakini iwe huru, na mwenye njaa awe huru kuikataa na bado ale. Vijana wengi wanalielewa jambo hili haraka kuliko sisi, kwa sababu wamekaa dawati moja na Waislamu tangu darasa la kwanza. Mwaka 2014 Fungamano lilitiliana sahihi makubaliano ya ushirikiano na shirika la Islamic Relief, na wamefanya kazi pamoja tangu wakati huo. Sijaona imani ya mtu ikipungua kwa ajili hiyo.

Kuhusu mazingira nitasema machache tu, maana dai kwamba hayo si mambo ya kanisa linazidi kupungua. Ukame unawafukuza watu makwao kama vita vinavyofanya, na Turkana wanajua hilo. Tangu mkutano wa tabianchi wa Durban mwaka 2011 Fungamano limekuwa likituma vijana kwenye mazungumzo hayo ya kila mwaka. Na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Askofu Fredrick Shoo alihimiza upandaji miti kiasi cha kuitwa askofu wa miti, watoto wa kipaimara wameotesha miche kwa mikono yao. Mti wa 2010 sasa unatoa kivuli.

"Vijana wenyewe hawataki, wamehamia kwingine"

Ni kweli wengi wamehama, na kila familia ya Kilutheri inaweza kutaja mmoja. Husemwa wamefuata miujiza, vyombo vya muziki na mafuta ya upako. Wapo waliofuata hivyo. Lakini ukiwasikiliza bila kuwagombeza, wengi wanataja jambo la kawaida zaidi: kule walikokwenda, wiki ya pili walipewa kazi. Mmoja alikabidhiwa vyombo vya sauti. Mwingine alipewa kundi la watu kumi wa kuwatembelea nyumbani, pamoja na fedha kidogo za kuwanunulia sabuni na sukari wagonjwa. Alikotoka alikuwa ameimba sauti ya tatu kwa miaka sita na hakuwahi kuulizwa ni mgonjwa gani anamjua.

Naye anawajua. Kijana anayeendesha bodaboda anajua ni nyumba ipi haijawasha moto tangu juzi. Binti anayeuza vocha anajua ni bibi yupi analea wajukuu watano peke yake na hajaweka jina lake kwenye orodha ya wahitaji kwa sababu anaona haya. Orodha hiyo, katika sharika nyingi, huandikwa na wajumbe wanaofika na magari na kuondoka baada ya ibada, na majina yake hayabadiliki mwaka hadi mwaka, hata baada ya baadhi ya waliomo kupata nafuu na wengine kufariki.

Tuanzie hapo basi, kwenye jambo ambalo halihitaji ruhusa ya Fungamano huko Geneva wala ya makao makuu ya KKKT Arusha. Kamati ya diakonia ya usharika iwe na vijana wasiopungua wawili, chini ya miaka 30, mmoja wao mwanamke. Mmoja kati yao awe miongoni mwa watia sahihi wa akaunti. Orodha ya wahitaji wapitie wao kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla haijaletwa mezani. Makabrasha yawafikie wiki moja kabla ya kikao, na nauli yao itoke kwenye mfuko uleule unaolipa nauli za wajumbe wengine.